Birika Lililoyeyuka

Somo: 2 Wafalme 16:7–18

Nawasalimu ninyi wa Nambale na Matayos, wa Mundika na wa mjini Busia, ninyi wa Malaba mnaolala na kuamka kwa ngurumo za malori, pamoja na jamaa zetu wa ng'ambo ya mpaka, upande wa Uganda. Leo nataka tuzungumze juu ya chombo cha kanisa kilichopotea. Chombo hicho kilikuwa mbali na Bukhayo, katika kijiji kimoja cha Uingereza, wala hakuna mmoja wetu aliyekiona. Lakini vyombo vya namna hiyo vilipotea kwa sababu ya moto, bei, vita na dharau, na hivyo vinne havihitaji pasi ya kusafiria ili vivuke mpaka wetu.

Tuanze na neno. Katika Kiswahili chetu neno risasi lina maana mbili. Kwanza, risasi ni madini: laini, mazito, ya rangi ya kijivu, yale yaliyomo ndani ya betri ya gari. Pili, risasi ni kile kitu kitokacho katika mdomo wa bunduki. Wazee waliotuachia lugha hii hawakukosea. Kwa miaka mingi kile cha pili kilitengenezwa kwa hayo ya kwanza. Basi, ndugu msikilizaji, nikikuambia kwamba Wakristo wa zamani walibatiza watoto wao katika birika la risasi, usishtuke. Nasema habari za madini. Lakini kabla hatujamaliza utaona kwamba maana hizi mbili hazikukaa mbali mbali kama tungependa.

Na birika ninalosema silo la chai. Ni chombo cha maji ya ubatizo, kile ambacho katika makanisa mengi ya Kianglikana husimama karibu na mlango, ili kila aingiaye akumbuke kwamba kwa ubatizo ndivyo alivyoingia katika jamaa ya Kristo. Huko Uingereza, katika miaka ya 1100 na kuendelea, makanisa ya vijijini yalikuwa na mabirika yao, na mengi sana yalichongwa katika jiwe. Mwaka 1236 Edmund, Askofu Mkuu wa Canterbury, aliagiza mabirika yafunikwe na kufungwa kwa kufuli, kwa sababu watu walikuwa wakiiba maji ya ubatizo ili wayatumie katika uchawi. Msicheke, ndugu zangu. Mwanadamu ni yule yule, awe amezaliwa kando ya mto Thames au kando ya mto Sio.

Mabirika machache yalitengenezwa kwa risasi. Fundi alitandaza mchanga wenye unyevunyevu, akakandamiza juu yake mbao iliyochongwa picha, kisha akamimina risasi iliyoyeyushwa motoni. Bamba lilipopoa, picha zilikuwa zimetokea juu yake. Ndipo akalikunja kuwa duara, akaunga ncha zake kwa lehemu, akatia kitako. Kwa kuwa mbao ile iliweza kutumika tena na tena, fundi mmoja aliweza kutengeneza mabirika kadha yanayofanana. Katika eneo la Gloucestershire, magharibi mwa Uingereza, yamebaki sita yenye picha zilizotoka katika mbao zile zile. Moja lilikuwa la kanisa dogo la Lancaut. Kanisa lile leo ni magofu yasiyo na paa, lakini birika lake lilichukuliwa, nalo limehifadhiwa katika kanisa kuu la mji wa Gloucester. Nyumba ilianguka, chombo kikapona, kwa sababu mtu fulani alikikumbuka.

Katika kijiji cha Brookland, huko Kent, liko birika la risasi la miaka ya 1100 ambalo mkulima yeyote wa Bukhayo angelipenda. Limezungukwa na picha za kazi za miezi ya mwaka. Yuko mtu anayekata majani, yuko anayevuna nafaka, yuko anayepura. Juu ya kila kazi imewekwa alama ya nyota za mwezi ule. Wakristo wengi wa wakati ule hawakujua kusoma. Birika liliwafundisha kwa macho. Liliwaambia kwamba maji haya wanayotiwa kichwani si ya Jumapili tu. Ni ya mwezi wa kulima na mwezi wa kupalilia, ya mwezi ghala imejaa na mwezi watoto wanalala na njaa. Mtu aliyebatizwa hawezi kuuacha ubatizo wake mlangoni pa kanisa, akaenda shambani au sokoni kama mtu mwingine.

Sasa sikilizeni hesabu. Katika Enzi za Kati Uingereza ilikuwa na parokia zaidi ya 8,000. Leo mabirika ya risasi ya nyakati hizo yaliyobaki katika nchi nzima ni kama 30 tu. Ni kweli kwamba tangu mwanzo hayakuwa mengi kama yale ya mawe. Hata hivyo mengine yalikuwako, nayo hayapo tena. Yalikwenda wapi?

Moja tunajua lilikokwenda. Katika eneo la Norfolk, mashariki mwa Uingereza, kiko kijiji kiitwacho Great Plumstead. Kanisa lake lilikuwa na birika la risasi la Enzi za Kati. Lilipita salama katika miaka ya vita na miaka ya mageuzi ya dini. Kisha mwaka 1891 kanisa likashika moto. Ndugu zangu, chuma hakiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 1,500. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 tu. Jiko la fundi wa kijijini laweza kuiyeyusha. Paa la kanisa linapowaka na kuanguka ndani, birika la jiwe laweza kupasuka na bado likaunganishwa. Birika la risasi hugeuka kuwa uji. Chombo kilichobatiza vizazi na vizazi vya watu wa Great Plumstead kiliisha kwa moto ule. Kijiji cha jirani, Brundall, bado kina birika lake la risasi, na sasa hilo ndilo lililobaki katika Norfolk yote.

Sisi wa huku hatuwezi kusikia habari hiyo bila kuikumbuka Namirembe. Kabla ya mwaka 1921 Waanglikana wa sehemu hii ya magharibi ya Kenya walikuwa chini ya askofu wa Uganda. Mpaka wa kiserikali ulisogezwa mwaka 1902, lakini mpaka wa kanisa ulichelewa karibu miaka 20. Kanisa kuu lao, basi, lilikuwa Namirembe. Nyumba ile kubwa ya matofali, iliyowekwa wakfu mwaka 1904, ilipigwa na radi tarehe 23 Septemba 1910, ikaungua. Wakristo walilia, kisha wakaanza kuchanga. Kanisa kuu linaloonekana leo juu ya kilima kile liliwekwa wakfu mwaka 1919. Moto ni msiba, lakini moto hauna nia mbaya. Watu wakiupenda wito wao, huinuka katika majivu wakajenga tena.

Hatuwezi, hata hivyo, kuulaumu moto peke yake. Risasi ina udhaifu mwingine mbali na kuyeyuka upesi. Ina bei. Jiwe la birika ukilivunja umebaki na kokoto. Risasi ukiivunja umebaki na mali. Kati ya mwaka 1536 na 1540 Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza alizifunga nyumba za watawa katika nchi yake. Watumishi wake walipanda juu ya mapaa, wakazing'oa bati za risasi, wakaziyeyusha na kuziuza. Nyumba zilizosimama miaka mia nne zikaachiwa mvua. Kisha mwaka 1642 Waingereza wakaanza kupigana wao kwa wao, Mfalme upande huu na Bunge upande huu. Askari waliokosa risasi za bunduki walijua pa kuzipata. Waliichukua risasi ya mapaa na madirisha ya makanisa, wakaiyeyusha, wakaimimina katika kalibu ndogo. Maana zile mbili za neno letu la Kiswahili zilikutana hapo.

Tusiwe wepesi wa kuhukumu. Wale walioyaondoa mabirika katika miaka hiyo si wote waliokuwa wezi. Wengine walikuwa baba zetu katika imani ya Kiprotestanti. Mwaka 1645 Bunge lilipotoa mwongozo mpya wa ibada, liliagiza ubatizo ufanywe mbele ya kusanyiko lote, wala usifanywe mahali pale mabirika yalipokuwa yamewekwa katika nyakati za Papa. Parokia nyingi zikatumia beseni. Waliogopa watu wasije wakadhani kwamba chombo ndicho kinachookoa. Hofu hiyo ilikuwa na kweli ndani yake. Maji hayana nguvu kwa sababu ya jiwe au madini yanayoyashika. Lakini angalieni jinsi shetani alivyo mwerevu. Akiona hawezi kukufanya ukiabudu chombo cha Bwana, atakuambia basi kiuze.

Na hapo ndipo tunamkuta Mfalme Ahazi katika somo letu. Sulemani aliweka katika nyumba ya Bwana mabirika ya shaba, na ile iliyoitwa bahari, tangi kubwa la shaba lililosimama juu ya ng'ombe kumi na wawili wa shaba. Hatimaye Wababeli walikuja wakaivunja vipande vipande wakaichukua kwao. Hayo tunayasoma katika 2 Wafalme 25. Lakini zaidi ya miaka mia moja kabla ya Wababeli, aliyeingia hekaluni na kuvigusa vyombo hivyo hakuwa adui. Aliyeingia alikuwa mfalme wa Yuda mwenyewe. Ahazi aliogopa majirani zake, akataka msaada wa mfalme wa Ashuru, na msaada ule ulikuwa na bei. Akatoa fedha na dhahabu ya nyumba ya Bwana. Kisha akayaondoa mabirika katika vitako vyake, akaiteremsha bahari kutoka juu ya ng'ombe wale, akaiweka chini juu ya sakafu ya mawe. Adui alikuja baadaye kumaliza tu kazi ambayo mwenye nyumba alikuwa ameianza.

Je, ndugu msikilizaji, katika kanisa lako ni nani anayeviondoa vyombo? Mara nyingi si mgeni.

Iko sababu ya nne, nayo ni dharau. Huko Uingereza vilipatikana vyombo vya ubatizo vya mawe ambavyo wakulima walivigeuza kuwa mahali pa kunyweshea ng'ombe, na vingine vilipandwa maua bustanini. Hakuna aliyevichukia. Vilizoeleka tu, vikaonekana vya zamani, vikaonekana vinachukua nafasi. Katika kanisa la Lower Halstow, huko Kent, birika la risasi lilikuwa limefunikwa kwa plasta hata watu wakasahau kilichokuwa ndani. Baada ya Vita Kuu ya kwanza plasta ile ilipasuka, na watu wa huko husimulia kwamba ni mitikisiko ya mizinga iliyoipasua. Ndani yake wakaikuta kazi ya mafundi wa zamani. Kwa muda mrefu walikuwa wakilipita kila Jumapili wasijue wana nini. Wangapi kati yetu ubatizo wao umefunikwa hivyo kwa plasta ya mazoea, mpaka mtikiso upite nyumbani ndipo tukumbuke kilichomo ndani?

Lakini nisiwaache na habari za upotevu tu. Huko Dorchester, karibu na Oxford, liko birika la risasi la miaka ya 1100 ambalo halikupotea. Limezungukwa na watu kumi na mmoja walioketi, na wengi husema ni mitume wa Bwana, bila Yuda. Kanisa lile lilikuwa la watawa. Mwaka 1536, watumishi wa Mfalme Henry walipokuja kulifunga, alikuwako mtu mmoja jina lake Richard Beauforest. Alitoa pauni 140, fedha nyingi sana kwa siku zile, akalinunua kanisa ili libaki kuwa mahali pa ibada, na katika wosia wake akaliacha kwa watu wa parokia. Birika likapona, nalo liko mpaka leo.

Tafakarini jambo hili. Juu ya birika lile hayumo Yuda, yule aliyeuza. Na birika lenyewe lilipona kwa sababu ya mtu aliyenunua. Aliyeuza na aliyenunua wote wawili walishika fedha mikononi. Tofauti yao ilikuwa hii: mmoja alimtazama Bwana akaona vipande thelathini vya fedha, na mwingine alizitazama pauni 140 akaona watoto wasiozaliwa bado, watakaohitaji mahali pa kubatizwa.

Sasa mtu ataniuliza: Birika la Great Plumstead lilipoyeyuka, je, ubatizo wa wale waliobatizwa humo uliyeyuka? Hasha. Wala sisi watu wa Afrika Mashariki hatukungoja mabirika ili tubatizwe. Kabla hajafika Mombasa, Johann Ludwig Krapf alikuwa safarini pamoja na mkewe Rosine katika nchi kame ya Washoho, karibu na pwani ya Bahari ya Shamu. Mama akajifungua mtoto wa kike kabla ya wakati wake. Hapakuwa na kanisa, wala birika. Baba alimbatiza mtoto pale pale nyikani, akamwita Eneba, maana yake chozi. Mtoto hakukaa sana, wakamzika chini ya mti. Mwaka 1844 Rosine mwenyewe na mtoto wake mwingine walifia Mombasa. Eneba hakuwa na birika hata la udongo, lakini jina lake liliandikwa, na zaidi ya miaka 180 baadaye tunalitaja hapa Busia.

Jirani zetu Marafiki, waliofika Kaimosi mwaka 1902, hawatumii maji ya ubatizo kabisa. Wao husisitiza ubatizo wa Roho. Ndugu zetu wa Pentekoste huteremka mtoni wakazamishwa. Wengine wetu tunanyunyiziwa maji kutoka katika bakuli. Siku ya leo si ya kuamua shauri hilo. Lakini sote twakubali kwamba chombo hakiokoi. Tena, risasi si kitu cha kujivunia. Ni sumu. Watu wa Owino Uhuru, huko Mombasa, wanalijua hilo kwa uchungu, maana kiwanda cha kuyeyusha betri za zamani kilimwaga sumu ya risasi kati yao mpaka watoto wao wakaathirika. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufani ndefu Mahakama ya Juu iliirudisha hukumu hiyo mwaka 2024. Madini yale yale yanaweza kushika maji ya ubatizo, na yanaweza kuharibu damu ya mtoto. Yote hutegemea yamo mikononi mwa nani, na anayatafutia nini.

Ikiwa madini ni hivyo, vipi mtu? Hapa ndipo pana hatari yetu kubwa. Tarehe 18 Machi 1882 watu watano wa kwanza walibatizwa na wamisionari wa Kiprotestanti huko Buganda. Siku ile ilikuwa ya furaha. Miaka michache baadaye, mwaka 1886, baadhi ya waliobatizwa walichomwa moto Namugongo, Waprotestanti na Wakatoliki pamoja, nao hawakumkana Bwana. Moto haukuuyeyusha ubatizo wao. Lakini tarehe 24 Januari 1892, kabla hata miaka kumi haijatimia tangu ubatizo ule wa kwanza, Wakristo wa upande wa Waingereza na Wakristo wa upande wa Wafaransa walipigana kwa bunduki juu ya kilima cha Mengo. Waliobatizwa waliwapiga risasi waliobatizwa. Kile ambacho moto wa mfalme haukuweza, tamaa ya madaraka ilikiweza. Ndugu zangu, siku ile birika liliyeyushwa likawa risasi, ingawa hakuna chombo chochote cha kanisa kilichoguswa.

Nasi tusiseme kwamba hayo yalikuwa ya wazee. Majira ya uchaguzi yakifika, watu waliobatizwa na kasisi mmoja huweza kutazamana kama adui kwa ajili ya jina la mtu ambaye hajawahi kunywa maji nyumbani kwao. Shamba likigawanywa, ndugu wa tumbo moja, waliobatizwa siku moja, hupelekana mahakamani mpaka mama yao afe kwa huzuni. Hapa mpakani biashara ni nyingi na jaribu ni kubwa. Mtu hupewa kitu kidogo ili asione mzigo uliopita usiku, na kitu kile kidogo ni bei. Kila mara tunapokubali bei, tunakata kipande kimoja cha birika letu na kukitia motoni.

Kuna na vyombo vyenyewe. Mwezi wa Januari 2022 serikali ya Kenya ilisimamisha kwa muda biashara ya vyuma chakavu, kwa sababu nguzo na nyaya za umeme zilikuwa zikikatwa na kuuzwa kwa kilo. Mtu anayeuza nguzo ya umeme inayomwangazia jirani yake hawezi kuogopa kengele ya kanisa. Lakini mwizi huingia kwa urahisi zaidi mahali ambapo wazee wa kanisa wenyewe hawajui wana nini. Kengele ya zamani, kikombe cha ushirika cha miaka ya kwanza, beseni lililowabatiza babu zenu: je, vimeandikwa mahali? Nani ana ufunguo?

Na chombo kikubwa kuliko vyote hivyo ni daftari la ubatizo. Halina bei kwa mnunuzi wa vyuma, kwa hiyo adui yake ni mchwa, mvua na dharau. Ndani yake yamo majina ya watu ambao hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Kwa wazee wengi wetu karatasi ya kanisa ndiyo ya kwanza iliyowahi kuandika kwamba mtu huyu yuko duniani, ni mwana wa fulani, wa kijiji fulani. Sisi watu wa mpakani tunajua thamani ya kuulizwa "Wewe ni wa wapi?" na kuwa na la kujibu. Familia moja yaweza kuwa na makaburi upande huu na mashamba upande ule. Daftari likiliwa na mchwa, birika limeyeyuka mara ya pili.

Basi nawasihi, makanisa ya Bukhayo na kwingineko. Juma hili wazee wakutane wayafungue makabati. Daftari la zamani litolewe kwenye sakafu yenye unyevu, liwekwe mahali pakavu palipoinuka. Kijana anayeandika vizuri anakili majina, kisha nakala itunzwe katika nyumba nyingine, ili moto mmoja usichukue yote mawili. Vyombo vihesabiwe na kuandikwa. Hakuna haja ya fedha nyingi. Beauforest alitoa pauni 140, lakini wewe unaombwa siku moja ya kazi na kufuli moja.

Kisha kila mmoja aulize moyo wake swali la pili, ambalo halifungwi kwa kufuli. Ni bei gani ambayo nikipewa nitauyeyusha ubatizo wangu? Ayubu katika mateso yake alitamani maneno yake yachorwe mwambani kwa kalamu ya chuma na kwa risasi, yadumu milele. Mnaweza kuyasoma katika sura ya 19. Papo hapo akaanza kusema habari za Mteteaji wake aliye hai. Alifahamu kwamba hata mwamba hautoshi. Watoto wa Great Plumstead hawana tena birika la mababu zao, Eneba hakuwa nalo kamwe, lakini yuko Mmoja awajuaye wote kwa majina. Kwa kuwa yeye ni mwaminifu kulitunza jina lako, wewe nawe uwe mwaminifu kuutunza mwito ulioitiwa.

Tuombe.

Ee Bwana, twakushukuru kwa wote waliotutunzia imani mpaka ikatufikia. Utusamehe tulivyoviona vitu vyako kuwa vya kuuzwa, na jirani zetu kuwa adui. Uyalinde makanisa yetu na moto, na tamaa, na usahaulifu. Utupe kukutumikia katika mwezi wa kulima na mwezi wa kuvuna, upande huu wa mpaka na upande ule, mpaka siku ile utakapotuita kwa majina. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amin.